Kidani cha Mninga

Mimi Zamda binti Twalibu wa Isevya, Tabora, Kiingereza ninakijua. Kimenilisha, kimenivisha, kimenisomeshea watoto. Kwa hiyo mtu asinisingizie kwamba nakichukia kwa sababu kilinishinda. Ninachokichukia mimi ni kile kibao.

Kilikuwa kipande cha mbao ya mninga, upana wa kiganja, kimetobolewa juu na kutiwa kamba ya katani. Sisi wasichana wa shule ya bweni tulikiita kidani, kwa kejeli. Sheria yake haikuwa na maelezo mengi. Ukisikika unasema Kiswahili, Kinyamwezi au chochote kisicho Kiingereza, unavishwa. Utatembea nacho mpaka umnase mwenzako naye ameteleza, umvishe yeye. Atakayekutwa nacho kengele ya jioni ikilia anaandikwa jina, na ukiandikwa mara tatu katika muhula mmoja unafunga sanduku lako unarudi kwenu.

Huo ulikuwa mwaka wa pili wa uhuru. Tulidhani kidani kingeondoka na yule sista mzungu aliyekileta. Thubutu. Akaja Mwalimu Veneranda, mwenzetu, mweusi kama sisi, na kitu cha kwanza alichofanya ni kubadilisha kamba iliyochakaa. Akatuambia nchi sasa ni yetu, ofisi zinasubiri watu, na huko ofisini hakuna atakayekungoja utafute maneno. Sikatai, akili alikuwa nayo yule mwanamke. Lakini akili na huruma hazikuzaliwa tumbo moja.

Kila asubuhi alianza kwa maamkizi. Anapita dawati kwa dawati anauliza: "How is your mother?" Nawe unasimama wima, mikono ubavuni, unajibu: "She is very well, thank you." Basi, unakaa. Mimi hapo ndipo palipokuwa pananiudhi. Kwetu sisi mtu akikuuliza habari za nyumbani unajibu nzuri, halafu ndipo unapoanza kueleza: nzuri, ila mtoto ana homa, nzuri, ila jana tumezika. Nzuri yetu ni mlango tu, mambo yenyewe yako ndani. Kiingereza cha Mwalimu Veneranda kilituishia mlangoni.

Rafiki yangu alikuwa Eustadia, Mnyamwezi wa Igalula, mtoto pekee wa mjane mmoja aliyeitwa Apolinaria. Mama yule alilima karanga kwa mkono wake, na kila alipokuja kumwona mwanawe alitubebea michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani. Alikuwa akitugawia wote na kusema, "Kuleni, wanangu. Ila huyu namtaka awe nesi, aje anichome sindano yeye mwenyewe." Eustadia anacheka kwa haya. Ili awe nesi ilikuwa lazima apasi mtihani wa darasa la nane, na mtihani ulikuwa umeshakaribia.

Tabu ni kwamba Eustadia alikuwa ameshaandikwa mara mbili. Mara ya kwanza aling'atwa na siafu akamwita mama yake. Mara ya pili alisali rozari kwa Kinyamwezi, kwa sauti ya chini kabisa, na mtu akamsikia. Tangu hapo alifunga mdomo. Hata na mimi, tukiwa wawili tu, alinijibu kwa Kiingereza au kwa macho.

Na katika kunasa watu, fundi wetu alikuwa Tatu. Akivishwa kidani asubuhi, adhuhuri kiko shingoni mwa mwingine. Siku moja alimjia Amne mbio, akamwambia kwa Kiingereza kwamba baba yake yuko getini. Amne akaruka, "Baba kaja?" Kidani kikamwingia kichwani kabla hajafunga mdomo. Getini hapakuwa na baba wala kivuli chake. Tulicheka, lakini tulijifunza. Toka siku hiyo, mtu akikuletea habari ya nyumbani unamtazama kwanza shingoni.

Sasa nisikilizeni. Ilikuwa Alhamisi, tumetoka kula, mimi na Eustadia tunafua sare zetu bombani. Nikamwona Tatu anakuja kutoka upande wa getini na kidani kinamrukaruka kifuani. Alikuwa akitembea upesi, ila hakuwa na ile sura yake ya uchokozi. Akasimama mbele ya Eustadia, akamwambia kwa Kiingereza kwamba mjomba wake yuko getini na mama yake hajisikii vizuri.

Eustadia hakuinua hata kichwa. "My mother is very well, thank you," akasema, akaendelea kukamua nguo.

Wasichana wakaangua kicheko. Tatu akageukia Kiswahili. "Wallahi, Eustadia, leo si mchezo. Mzee Mabruki wa getini ndiye aliyenituma." Wakazidi kucheka, maana aliyekwisha kuvaa kidani hapotezi kitu akisema Kiswahili. Wakamwambia leo kapata mwerevu mwenzake.

Mimi sikucheka. Tatu namjua, tumesoma chuo kimoja cha Kurani kule Isevya. Atadanganya kila kitu, lakini Wallahi haichezei. Nikamwambia Eustadia kwa Kiingereza aende akatazame tu. Akanitazama kwa uchungu ambao sijausahau, akaniuliza kama na mimi nataka arudi kulima karanga. Nikaacha nguo zangu pale pale, nikaenda getini mwenyewe.

Mzee Mabruki, bawabu wetu, hakuruhusiwa kuingia uani kwa wasichana. Alikuwa amesimama na mwanamume mrefu aliyeshika kofia yake kwa mikono miwili. Nikapiga goti. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mimi Ambrosi, mjomba wake Eustadia. Dada yangu anaumwa kidogo. Nimekuja nimchukue mtoto akamwone."

"Kidogo, mjomba?"

"Kidogo tu," akasema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Lakini treni ya alasiri isitupite. Watu wamekaa, wanamngoja yeye tu."

Nikaelewa. Kwetu kifo hakipigiwi mbiu kama mnada. Aliyefiwa huambiwa mgonjwa anaumwa kidogo, akifika nyumbani akakuta watu wamekaa nje, ndipo anapojua. Na mtu hapandi treni kutoka Igalula kwa ajili ya kidogo. Mama Apolinaria alikuwa amekufa, na hajazikwa bado kwa sababu anangojwa mwanawe aje amwone uso.

Nilikimbia. Kengele ilikuwa imeshalia, na wote walikuwa ndani, Mwalimu Veneranda yuko ubaoni anaandika vitenzi. Nikasimama mlangoni nikihema, nikaanza kwa Kiingereza: mjomba wa Eustadia yuko getini. Akainua kidole. Ati nimeingia bila kuomba ruhusa. Nirudi nje, nibishe hodi, nianze upya.

Nikarudi nje. Nikabisha hodi. Nikaomba ruhusa, nikasema mjomba amekuja, mama yake Eustadia... Akainua kidole tena. Sentensi ilikuwa haina kitenzi. Mama yake Eustadia amefanya nini? Niseme taratibu, sentensi nzima. Kutoka stesheni nikasikia treni inapiga honi ya kwanza. Nilikuwa na hasira hata ulimi ukawa mzito, na nilimwona Tatu amefumba macho.

Nikaipanga ile sentensi kichwani kama alivyotufundisha, kila neno mahali pake, nikaitoa. "Eustadia's mother is dead, Madam."

"Very good," akasema Mwalimu Veneranda. "Sit down."

Aliisikia sentensi kabla ya kusikia habari. Nikamwona uso ukimbadilika polepole, chaki bado iko mkononi. Honi ya pili ikalia. Eustadia akasimama, akashika dawati, akasema, "Mayo wane." Mama yangu, kwa lugha ya mama yake. Kisha akalia kwa sauti kubwa, maneno yote aliyoyafungia mdomoni muhula mzima yakamtoka kwa Kinyamwezi.

Nilidhani pale mambo yangeishia. Mwalimu Veneranda akashuka kutoka ubaoni, akaenda kwa Tatu, akamvua kidani. Akamvisha Eustadia, akasema kwa Kiingereza kwamba sheria ikivunjwa leo kwa machozi, kesho itavunjwa kwa kicheko.

Eustadia akatoka mbio nacho shingoni. Getini alimkuta Mzee Mabruki peke yake, na treni ilikuwa imeondoka na mjomba, aliyechelea kuyakosa maziko ya dada yake. Alilala stesheni, akapata treni ya kesho yake. Alipofika Igalula, kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Kwetu shuleni, kengele ya jioni ilipolia, jina lake liliandikwa mara ya tatu ingawa mwenyewe hakuwapo, na sanduku lake likapelekwa stesheni. Nesi hakuwa. Aliolewa Kigwa, akalima karanga mpaka mgongo ukapinda.

Jumatatu tulikuta kidani kipya mezani. Tabora mninga haujawahi kuadimika. Mwalimu Veneranda akaanza maamkizi, dawati kwa dawati, na wasichana wakajibu kama kawaida, mmoja mmoja, mama zao wote hawajambo. Akafika kwa Tatu.

"How is your mother?"

Tatu akasimama. Akaenda mbele, akachukua kile kidani, akajivika mwenyewe, akarudi mahali pake.

"Sijui, Mwalimu," akasema kwa Kiswahili. "Muda mrefu sijamwona."

Mwalimu Veneranda akanigeukia mimi, niliyefuata, akaniuliza swali lile lile. Nikanyoosha mkono, nikamwambia Tatu kwa Kiswahili anipe kidani.