Mstari Mmoja wa Kufuta

…na vipengele vyote vya ukaguzi kwenye skrini vimekuwa kijani, kijani, kijani tena, isipokuwa kile cha chini kabisa, ala, kile cha chini kabisa ni chekundu, na Fundi amekiona kabla Mkurugenzi hajakiona, anasogeza kiti na bega lake linaziba skrini, hakukusudia, bega limekwenda lenyewe, na maandishi yanasema seva, ile kompyuta kuu ya hospitali, inasubiri kuzimwa na kuwashwa upya kabla ya kuendelea, basi, maneno machache tu, hayana matusi, lakini yanatosha kusimamisha kila kitu, kwa sababu huu mfumo mpya ndio utakaozitunza kompyuta zote za hospitali kutoka sehemu moja, kuzipa programu, kuzikinga, kuziponya zikiugua, na kabla haujakubali kuingia kwenye seva unaikagua kwanza, una hiki, una kile, hiki ni cha toleo gani, kama mama mkwe aliyefika bila taarifa akaanza kufunua masufuria, na yeye wiki nzima alihangaika na hayo masufuria, akaweka kila kilichotakiwa, kimoja juu ya kingine, ila kuizima seva hakuizima, angeizima lini, maabara wanaitumia usiku na mchana, famasi wanaitumia, wodi ya watoto wanaitumia, kila akipiga simu kuwaomba wasimame kidogo tu anajibiwa "siyo leo, Fundi, leo tumezidiwa", na hiyo leo yao haikwisha… "Tunakaribia?" anauliza Mkurugenzi nyuma yake, kwa sauti ya mbele ya wageni, laini, na wageni wenyewe wamesimama kando ya ukuta na vikombe vya chai, wamekuja kuuona mfumo ukiingia ili nao wakauweke kwenye hospitali zao, "tunakaribia, mzee", anajibu, mdomo nao umekwenda wenyewe, na kidole kiko juu ya kitufe cha kufuta, kwa sababu dawa ipo jamani, dawa ipo na kila fundi anaijua, mwenzake wa hospitali ya ng'ambo ya mto alimcheka asubuhi kwenye simu, "na wewe nawe, dada, kuna mstari mmoja mle ndani unaoikumbusha seva kwamba haijawashwa upya, ufute, itasahau, nyekundu itageuka kijani, maisha yaendelee", na ameshaufungua, uko hapo mbele yake umewaka bluu, ni kugusa tu… na itasahau kweli? wapi, itasahau kuuliza, basi, zile faili zilizokuwa zinangoja kubadilishwa zitabaki nusu za zamani nusu mpya, na juu ya nusu hizo unasimamisha mfumo mzima, unaweza kwenda miezi bila neno, halafu siku moja seva inalala na haiamki, au majibu ya damu yanafunguka ya juzi badala ya ya leo, na daktari amesimama na sindano kando ya kitanda cha mtoto wa mtu, mtoto wa mtu… "mengine tutamalizia humo humo", alisema baba watoto leo alfajiri akifunga kamba za viatu, Jumamosi tunahama, kwani nani alihamia nyumba iliyokwisha, watu wote huanza hivyo, na nyumba yenyewe madirisha ni nailoni, sakafu bado inatoa maji ukiikanyaga, na daktari alishasema huyu mtoto wao asilale penye unyevunyevu, alisema akimtazama yeye, mama, siyo baba, na yeye alfajiri akamjibu mumewe nini, alijibu "sawa", sawa! kasimama na beseni mkononi, na kule chumbani kifua cha mwanawe kinalia kama mlango usiotiwa mafuta, anasema sawa… "Huyu mama," Mkurugenzi anawaambia wageni, na anacheka, "huyu mama tangu aje hapa hajawahi kuniambia kitu hakiwezekani," na wageni wanacheka naye, mmoja anasema ungetupa na sisi wa hivyo, na sifa hiyo imemchoma Fundi kuliko tusi, inamchoma kwa sababu ni kweli, hajawahi, si kwamba vinawezekana, vingapi havikuwezekana akavibeba mwenyewe kimya kimya, akavipaka kijani ili mzee alale usingizi, ili baba watoto asinune, ili pasiwe na maneno, na sasa wanamsifia ulemavu wake mbele ya watu na yeye anatabasamu, anatabasamu wallahi, anajiona kwenye kioo cha skrini meno nje.

Na pale mapokezi wamebandika bango kwa herufi kubwa, mficha maradhi, umalizie mwenyewe, wagonjwa wasome, mafundi hawahusiki… hasira inampanda, sijui ya nani, ya mzee, ya mume, ya huyo mwenzake na dawa yake, hapana, ya hiki kidole, kidole hiki hiki, akibonyeza leo hakuna atakayejua, hilo ndilo baya lake, hakuna atakayejua, watapiga makofi, watapiga picha, na yeye atakuwa anaamka kila simu ikilia usiku, miaka, akisikiliza kama ni wodi ya watoto… akisema je, nini kitatokea, aibu, wageni watatazama chini kwenye vikombe, pengine kazi itaondoka, haya, iondoke, hapana isiondoke jamani, lakini nani mwingine chumba hiki anajua nyekundu maana yake nini, ni yeye peke yake, na akinyamaza yeye basi imenyamaza hospitali nzima, kwa hiyo kidole kinatoka kwenye kitufe, kinarudi mapajani kwa wenzake, mstari bado uko pale, haujafutwa, bega ameliondoa, sasa skrini yote iko wazi. "Tayari, Fundi?" anauliza Mkurugenzi, na wageni wote wamegeuka, na yeye anaogopa, anaogopa hasa, lakini anajua atakalomjibu, bado, mzee, haiko tayari, na anajua pia kwamba jioni itabidi alirudie neno hilo nyumbani, na huko ndiko kutakakomtoa jasho.