Wafuata Nyayo wa Almorín

Kila asubuhi, kabla kahawa haijachemka, Fuensanta Ojeda alimdanganya mumewe. Haukuwa uongo wa kuficha jambo. Ulikuwa uongo wa historia, na aliuchagua kwa makini kama mtu achaguavyo tikiti sokoni.

"Anselmo," alisema siku hiyo, huku akimimina mafuta ya zeituni juu ya mkate, "nimeamua kuandika kwamba wafuata nyayo wa Almorín walikuwa wakipanda farasi."

Mzee Anselmo Quirós alikaa dirishani, vifungo vya shati vimekosana na matundu yake, macho yamepotelea huko kwenye mapaa ya jirani. Kisha shingo ikanyooka.

"Farasi? Farasi gani? Nani kakulisha upuuzi huo? Farasi akikanyaga nyayo si anazifuta! Walikwenda kwa miguu, tena wameinama, mmoja huku mmoja kule. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua."

"Basi nimekosea."

"Umekosea sana, Mwalimu. Futa."

Mwalimu! Ndilo jina la utani alilompa tangu enzi za uchumba, kwa kuwa yeye alifundisha chuo kikuu na Fuensanta alifundisha sekondari hapo hapo mjini. Akiitwa hivyo, Fuensanta alijua mumewe amerudi. Angekuwa naye kwa muda wa kikombe cha kahawa, wakibishana kama zamani, halafu yale macho yangepotea tena na mzee angemwuliza, kwa adabu zote, kama basi la kwenda Benzaya limeshapita.

Wasomi wana mambo yao, lakini hawa wawili walizidi. Hawakujaliwa mtoto, walijaliwa ubishi. Maisha yao yote waliyatumia kutafiti mji wao wenyewe, enzi zile Almorín ilipokuwa ukingo wa dunia: upande huu wa kijito Wakristo wa mfalme wa Castilla, ng'ambo Waislamu wa Granada, na katikati wezi wa pande zote mbili, wakiiba ng'ombe, na wakikosa ng'ombe wanaiba watu. Mtu akitoweka, mji ulitoa wafuata nyayo wake. Waliziandama nyayo hadi kijitoni, na hapo walisimama. Waliwapigia kelele wenzao wa Benzaya, mji wa ng'ambo, maadui zao, nao wakija waliambiwa ni nani aliyepotea na wakaonyeshwa unyayo wa mwisho. Wale wakisema "tumepokea," kazi ilikuwa yao. Waliozileta waligeuza wakarudi nyumbani. Kuvuka walikuwa hawaruhusiwi.

Hapo kwenye kugeuza ndipo Anselmo alipouweka moyo wake. Aliamini kwamba watu wale, waliochinjana wakati wa vita, waliaminiana kabisa linapokuja suala la mtu aliyepotea. Wenzake chuoni walimcheka. Walisema ni hofu ya kutozwa faini tu, maana mji ulioachiwa nyayo ndio uliolipa, na kwamba wafuata nyayo walikuwa wakidanganyana siku zote. Anselmo aliwajibu katika mikutano mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Fuensanta naye alikuwa na shaka yake, na kwa shaka hiyo waliwahi kununiana hata Krismasi. Kitabu chao kilibakiza sura ya mwisho tu, ya jambo hilohilo, maradhi yalipoingia.

Maradhi hayakuja kwa kishindo. Anselmo alianza kwa kusahau funguo, akasahau jina la dada yake, akasahau kwamba mama yake alishafariki, ikawa kila akiambiwa analia upya. Kisha akaanza kutoka. Asubuhi Fuensanta akiwa jikoni, mzee hufungua mlango na kwenda zake, mgongo umepinda, macho chini, akifuata nyayo. Alifuata za mbuzi. Alifuata za tarishi hadi mtaa wa chini, tarishi mwenyewe akashtuka akidhani ana deni na mtu. Mji ulicheka, naye Fuensanta akacheka nao, maana angefanyaje?

Kicheko kilikatika siku alipookotwa kijitoni. Mchungaji mmoja wa mbuzi alimkuta ameanguka katikati ya maji, mguu umeteguka, midomo imegeuka rangi kwa baridi. Walipomleta nyumbani alikuwa akitetemeka kama jani na bado anasema, "Zinaishia hapa. Waiteni wa upande wa pili."

Obdulia, dada yake Anselmo, alikuja jioni ileile na sufuria ya mchuzi wa dengu. Mwanamke huyo hakuwa mtu wa kumumunya maneno.

"Wifi, mpaka lini?"

"Mpaka nichoke."

"Umeshachoka! Jitazame kwenye kioo, umebaki macho na pua. Kule Benzaya kuna nyumba nzuri ya wazee, kuna wauguzi, mlango unafungwa. Unangoja tumtoe majini amekufa?"

"Nilimwahidi sitamtoa nyumbani kwake, Obdulia. Alinishika mkono akanifanya niape."

"Uliyemwapia ameshaondoka. Huyu uliye naye hajui hata kama kuna kiapo. Nikwambie ukweli? Humweki hapa kwa ajili yake. Unamweka kwa ajili ya ule ubishi wenu wa asubuhi. Basi! Nimesema, kama ni kunichukia nichukie."

Fuensanta alitaka kumtupia sufuria na dengu zake. Hakumtupia, kwa sababu maneno yalikuwa ya kweli, na kwa kuwa ya kweli yalimchoma hadi ndani. Ni kweli alikuwa anamweka mzee mtu mzima katika hatari ili kila siku aitwe Mwalimu mara moja. Alilia huku anaosha vyombo. Obdulia akachukua kitambaa akavifuta.

Mguu ulipopata nafuu, Fuensanta alipiga moyo konde, akampakia mumewe kwenye gari na sanduku lake. Njia ni fupi mno. Walipovuka daraja la kijitoni Anselmo aligeuka kutazama maji, lakini hakusema neno. Fuensanta alimshukuru Mungu, maana angesema lolote angegeuza gari.

Mlangoni walipokewa na muuguzi mmoja mnene mchangamfu, aitwaye Nieves, ambaye alianza kuuliza palepale kizingitini, kama ilivyo desturi yao.

"Karibuni, karibuni! Haya mama, tuambie, huyu bwana wetu ni nani? Anapenda kula nini? Usingizi wake vipi? Mara ya mwisho kuanguka lini?"

Fuensanta alijibu moja baada ya jingine. Anaitwa Anselmo. Anapenda mkate na mafuta, hapendi maziwa. Analala vizuri akisikia mtu anasoma. Sauti ilikuwa yake lakini aliisikia kama inatoka chumba cha pili. Alipomaliza akamshika mumewe mkono ili waingie pamoja.

Anselmo hakusogea. Alikuwa amesikiliza maswali na majibu yote kwa makini, na sasa shingo imenyooka, macho yamewaka. Moyo wa Fuensanta ukaruka. Amerudi, alijisemea. Hata sijamdanganya, na amerudi mwenyewe!

"Hapana, mama," alisema Anselmo, kwa upole wa mwalimu anayemrekebisha mwanafunzi mwema. "Hapo unakosea. Wewe ndiye uliyeleta. Umeshasema ni nani, umeshaonyesha mwisho wa nyayo. Hawa wakisema wamepokea, wewe huvuki." Akamgeukia Nieves. "Mmepokea?"

Nieves hakuelewa kitu, lakini alikuwa mtu mwenye huruma. "Tumepokea, babu."

"Vizuri." Akautoa mkono wake taratibu kwenye mkono wa mkewe, akaupigapiga. "Kazi yako umeifanya vizuri sana, mama. Rudi kwenu. Ukifika uwaambie waliompoteza wasihofu. Watu wa upande huu ni waaminifu."

Akaingia, bila kugeuka nyuma. Fuensanta alikaa ndani ya gari, mikono usukani, akilia kilio cha sauti ambacho hakuwahi kukilia hata alipomzika mama yake. Maisha yote alimbishia mwanamume yule juu ya jambo hilo, na leo amelitoa hadharani, bila tanbihi wala ushahidi, na yeye hakuwa na la kubisha.

Waliomjua walimshauri asiende kumwona mapema, amwache azoee. Alingoja wiki ile kwa shida. Nyumba ilikuwa kimya, na kila asubuhi uongo ulimjia mdomoni ukakosa wa kuambiwa. Jumapili alijipaka wanja, akavaa gauni la kijani ambalo Anselmo alilipenda, akavuka daraja.

Alimkuta bustanini, amenyolewa vizuri, vifungo vyote mahali pake. Walimtunza, huo ndio ukweli. Akamsalimu, naye akamsalimu kama mtu amsalimuvyo abiria mwenzake. Fuensanta aliketi karibu. Alikuwa amejiandaa na uongo mkubwa kuliko wote, ule ambao hata wakati wa hasira kali hakuthubutu kuusema, kwa kuwa alijua ungemuua. Aliutaka huo hasa. Alitaka mzee akasirike, amfokee, amwite Mwalimu mbele ya wagonjwa wote.

"Anselmo, nimemaliza sura ya mwisho. Nimeandika kwamba walikuwa wanadanganyana siku zote. Benzaya walikuwa wakisema wamepokea, kisha wanakwenda kulala. Hakuna aliyemtafuta mtu. Hakuna aliyemwamini mwenzake."

Alingoja, akiitazama ile shingo.

Anselmo alifikiri kidogo. Akatikisa kichwa kukubali.

"Yaelekea ilikuwa hivyo," alisema.

"Sivyo!" Fuensanta alijisikia anapiga kelele, na wazee wawili kwenye benchi wakageuka. "Sivyo, Anselmo, si kweli! Walizifuata! Walizifuata mpaka mwisho, uliniambia wewe, umeniambia miaka yote, wewe ndiye ulikuwa sahihi! Niambie nimekosea. Niambie nifute!"

Mzee aliingiwa na wasiwasi kumwona mgeni analia. Alitafuta leso mfukoni, akampa, na kwa wema wote aliokuwa nao akainama akamnong'oneza:

"Usilie, bibi. Acha hivyohivyo ulivyoandika. Nani atajua?"