Valvu Zilizonyamazishwa

Tiki-tiki-tiki-tiki. Ilisikika nyuma ya mibuni ya jirani, kama mtu anayegonga sahani kwa kijiko. Sikuhitaji kuona ili nijue ni nani. Niliomba apite moja kwa moja.

Hakupita. Abdulwahab, muuza vipuri vya pikipiki pale sokoni Iyula, alikata kona na pikipiki yake akaingia uani kwetu. Akanikuta nimevua koti kwenye baridi ya Juni, jasho linanitiririka, napiga kiki pikipiki isiyotaka kuwaka.

"Mtunzi!" akaita. "Leo mashine yako imenyamaza kweli kweli."

Alikuwa na haki ya kunichokoza. Wiki mbili nyuma, kijiweni, mbele ya vijana wote, nilikuwa nimemtungia:

Pikipiki ya Wahabu, yasaga bila mahindi,
Ikipita kwa karibu, kuku huruka kwa kundi.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye pia alicheka, lakini alikuwa wa kwanza kunyamaza.

Siku nyingine ningempa ubeti wa pili. Siku hiyo nilikuwa naposa. Baba mdogo Luka, mshenga wangu, alikuwa amekaa mlangoni na suti yake nyeusi, barua ya posa ikiwa katika mfuko wa ndani. Kwa mzee Swila, baba yake Fortunata, kule Ibaba, walikuwa wametuambia tufike Jumamosi kabla ya saa sita. Kabla yangu alikuwepo kijana mwingine aliyemtaka Fortunata. Mshenga wake alifika saa nane, akapewa chai, akarudishwa na barua yake. Walisema anayechelewa kuposa atachelewa katika kila jambo. Simu kule mgongoni mwa mlima hazishiki, na waendesha pikipiki wote wa kijiwe chetu walikuwa wameshaondoka na abiria wa mnada.

"Imewaka asubuhi vizuri tu," nilimwambia Abdulwahab. "Kiki moja. Nikaenda kujaza mafuta, nikarudi, nikaizima ili baba mdogo apande. Basi."

Aliinama, akasukuma kiki kwa mkono. Ikashuka bila ubishi.

"Hakuna mgandamizo, injini haibani hewa. Umezigusa valvu?"

"Jana jioni. Nilizikaza kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mpaka zikanyamaza."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa nimemziba mtoto pua ili asikorome. "Kwa nini?"

Nikajifanya nafuta tanki. Baba mdogo akajibu kwa niaba yangu: "Alisema wakwe wakisikia kelele watajua tumekuja na chombo kibovu."

"Shikamoo ujinga," alisema Abdulwahab. "Sikiliza wewe. Chuma kikipata moto kinarefuka. Kati ya mkono wa tapeti, ule unaoisukuma valvu, na valvu yenyewe lazima pabaki nafasi, nyembamba sana. Wewe umeiziba. Ikiwa baridi, inafanya kazi. Ikipata moto, valvu haifungi, pumzi yote inavuja. Ile kelele unayoitungia mashairi ndiyo nafasi yenyewe."

Damu ilinichemka. Majibu ninayo mengi, na mengine yana vina. Lakini nilitazama mfuko wa suti ya baba mdogo, pale bahasha ilipotokeza pembe.

"Naomba unisaidie, kaka," nikasema.

Hakunidhihaki. "Yangu ina tairi kipara, haipandi mlima wa Ibaba. Tutengeneze hii," alisema. Alivua kofia yake ya kufuma, akakunja mikono ya shati, akaomba spana, bisibisi na koleo. Tulipofungua kifuniko cha juu, mvuke wa oili ulitupiga usoni. Baba mdogo, kwa haraka yake, akaja na ndoo ya maji ya kisima.

"Baba, weka chini hiyo!" Abdulwahab alimdaka mkono. "Ukimwagia chuma cha moto kitapasuka, mtaenda Ibaba kwa miguu. Valvu hupimwa injini ikiwa baridi."

"Shehe, itapoa saa ngapi?"

"Mpaka uweze kuweka kiganja na kukiacha."

Tuliiburuta mpaka upande wa nyumba unaopigwa na upepo. Saa mbili ikagonga. Mama yangu, Ferista, alileta chai na magimbi. Gimbi langu likapoa sahanini. Kila baada ya dakika chache niliweka kiganja, nikakitoa. Baba mdogo alitazama saa yake, akatazama njia ya Ileje inayokwenda Ibaba, akatazama tena saa. Saa mbili na nusu nilikiweka kiganja, kikakaa.

"Kipimo chenyewe nimekiacha Tunduma," Abdulwahab alisema. "Baba, una wembe mpya? Ambao haujanyoa mtu?"

Baba mdogo alileta mmoja, bado umo kwenye karatasi yake. Abdulwahab aliuvunja katikati kwa urefu, kwa uangalifu.

"Unene wake ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Valvu ya moshi inataka hivyo hivyo. Ya kuingizia hewa inataka pungufu kidogo, lakini kwa leo haitanuna. Haya, shika."

"Mimi?"

"Umekaza mwenyewe, utalegeza mwenyewe."

Nilifungua kizibo cha pembeni, nikazungusha gurudumu la sumaku kwa spana mpaka alama ya T, inayoonyesha pistoni iko juu, ikakaa mkabala na mshale. Nikashika mikono ya tapeti. Ilikuwa imekaza, haichezi.

"Sababu ni kukaza kwako jana, au pistoni iko kwenye mzunguko mwingine, si ule wa kubana hewa," alisema Abdulwahab. " Plagi umetoa? Weka kidole kwenye tundu lake, zungusha tena. Hewa ikikisukuma kidole halafu T ikarudi, hapo ndipo."

Nikaitoa plagi, nikazungusha. Hewa ilisukuma, kidogo tu, T ikarudi. Nikalegeza nati, nikarudisha skrubu nyuma, nikaingiza wembe, nikakaza skrubu taratibu. Nikafunga nati. Wembe ukanasa, hautoki.

"Nati imeizungusha skrubu," alisema. "Kila mtu hukosea hapo. Ishike skrubu kwa koleo, isisogee hata kidogo, ndipo ukaze nati. Wembe utoke kama karatasi iliyo chini ya kitabu. Usipite bure, wala usigande."

Mara ya pili ulitoka hivyo hivyo. Valvu ya pili nayo. Tukarudisha plagi na vifuniko. Mikono yangu ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko nilipoweka mguu kwenye kiki. Safari hii ilinisukuma juu kwa nguvu. Pikipiki ikawaka, na kelele yake ikajaa uani.

"Usishangilie," Abdulwahab alisema. "Iache ipate moto. Halafu uzime."

Tuliiacha robo saa nzima. Nikaizima. Baba mdogo alifumba macho, midomo ikimcheza kwa sala. Nikapiga kiki moja.

Ikawaka.

Nilicheka peke yangu kama mwehu. Baba mdogo alimkumbatia Abdulwahab na suti yake yote, akapata alama ya oili kifuani. Mama alipiga kigelegele ambacho kwa desturi kilipaswa kungoja jibu la posa.

Tulifika Ibaba saa sita kasoro robo. Mwoaji haingii siku ya barua, kwa hiyo nilibaki barabarani na pikipiki yangu. Baba mdogo akapanda peke yake kati ya mahindi makavu. Niling'oa majani, nikahesabu mawe, nikasahau hesabu.

Waliposhuka walikuwa wawili. Mzee Swila alitembea mbele, mikono nyuma. Nyuma yake baba mdogo alikuwa na uso wa mtu aliyetuliwa gunia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Barua tumeipokea, na binti amesema ndiyo. Ila kuna neno nimetaka nikuambie mwenyewe, macho kwa macho. Amebakiza mwaka mmoja chuo cha ualimu. Nimeona vijana, wakishakubaliwa wanaanza kumvuta binti kabla hajamaliza. Wewe una haraka?"

Haraka ninayo, tangu kuzaliwa. Nilifuta mikono yangu kwenye suruali, nikasimama wima.

"Baba, Fortunata atamaliza chuo kwanza. Mwaka mzima sitataja harusi, si kwako wala kwake. Nakuahidi hapa, baba mdogo akisikia."