Drami Iliyolazwa Majivuni

Siku honi ya Hashimu ilipokosa kulia, Somoe alikuwa anakuna nazi. Kila kaka yake aliporudi kutoka mjini na lori lake, alibonyeza honi mara moja mbele ya nyumba yao pale Mpapura, na Somoe alimpungia chochote alichoshika, hata mwiko. Alasiri ile alikuna mpaka kifuu kikaanza kutoa vumbi jeusi. Barabara ilikuwa tupu. Akapiga simu. Iliita mpaka ikakata.

Hakushangaa, na hilo ndilo lililomtisha.

Jana yake Hashimu alikuja amekumbatia drami ya breki kama mtu aliyebeba mgonjwa. Drami ni bakuli zito la chuma cha kusubu, kile cha kuyeyushwa na kumiminwa, linalokaa ndani ya gurudumu; breki zikiibana, gari husimama. Hii ilikuwa na ufa. Asadi, mume wa Somoe, fundi wa kuchomea vyuma, aliupitishia ukucha.

"Shemeji, hii haichomewi. Inatupwa."

"Niitupe, nisimamishe lori kwa kitu gani? Kwa mguu?"

"Kwa mdomo. Huo haujawahi kupata ufa."

Wakacheka. Hashimu akasema anataka kulifikisha lori mjini tu, tupu, polepole, akanunue drami mpya. Asadi akakubali shingo upande.

Chuma cha kusubu kina kinyongo. Ukikichomea kikiwa baridi, kinapasuka. Kikipoa haraka, kinapasuka tena. Asadi alitoboa tundu kila mwisho wa ufa ili usitambae. Akaipasha drami motoni, akaichomea kidogo kidogo huku akiigongagonga kwa nyundo. Kisha akaifukia kwenye shimo la majivu moto ya maganda ya korosho, juu akapanga makaa.

"Ilale humo mpaka ipoe yenyewe," alimwambia mkewe. "Mtu asiiguse." Akaenda msikitini.

Hakukawia kufika Mwanakombo, jirani yao, na kigae mkononi.

"Hodi, Somoe. Kiberiti changu kimelowa. Nigawie moto, mama."

Jiko la Somoe lilikuwa bado halijawashwa. Lakini pale kijijini moto haunyimwi mtu. Hata waliogombana hupeana. Anayemnyima jirani moto, husema wazee, msiba utakuja kumzimia jiko. Somoe akachokora makaa ya pembeni, pembeni kabisa. Majivu yakaporomoka. Ukingo wa drami ukachungulia, na upepo wa mvua ukapita juu yake. Akaufunika upesi.

Mwanakombo hajafika hata kwake, shimo likasema: ti. Sauti ndogo, kama ya korosho inayobanguliwa.

Asadi aliporudi, Somoe alimweleza yote. Asubuhi, Hashimu alipokuja, wakafukua, wakaitazama drami kila upande juani. Ufa mwingine hawakuuona. Asadi akaigonga. Drami nzima huimba kama kengele; hii iliimba, kisha ikanyamaza mapema.

"Mlio wake siupendi," alisema.

"Dada alisikia kaa likipasuka," Hashimu akasema.

"Nilisikia chuma, kaka."

"Basi umekuwa fundi! Asadi, ukae jikoni wewe."

Safari hii hakucheka mtu. "Tupu, shemeji," alisema Asadi. "Polepole."

"Tupu."

Drami ikafungwa. Lakini mbele ya ghala la kijiji magunia ya korosho yalikuwa yamerundikwa chini ya turubai bovu, na upande wa Ruvuma wingu lilikuwa limeinama, jeusi kama sufuria. Watu wakamzingira Hashimu. Utatuachia zinyeshewe? Jasho la mwaka mzima? Mwanakombo naye alikuwa hapo, ameketi juu ya gunia lake.

Somoe alipotokea barabarani, lori lilikuwa limeshapakiwa.

"Kaka, umesema tupu."

"Nusu tu. Umeanza lini kuwa trafiki?"

Haikuwa nusu. Matairi ya nyuma yalikuwa yamebonyea kwa uzito. Hashimu akacheka, akapiga honi, akaondoka.

Simu ilipoita alasiri ile, Somoe aliipokea kwa mikono yenye nazi. Alikuwa mwanamume asiyemjua, anauliza kama yeye ni ndugu wa dereva. Mteremko wa kuingia Mikindani, alisema. Breki.

Baada ya maziko, Asadi alikwenda kuviona vipande. Palipochomewa palikuwa pazima. Drami ilipasuka kando yake, kwenye ukingo. Alimwambia mkewe mara moja, hawakulirudia tena.

Lori lilitengenezwa. Msimu huu linaendeshwa na mtu anayeitwa Danieli, na linapita mbele ya nyumba bila honi. Somoe huwasha jiko lake alfajiri, kabla Asadi hajagusa mkaa wa kazi. Mwanakombo bado huja na kigae, na Somoe humpa moto wa jikoni.