Kidole cha Bi Pasi

Fundi viatu, jirani yake Mapovu, anaapa kwamba mlinzi wa kiwanda cha kufulia alizikwa Jumanne, na Jumatano asubuhi mashine ya saa, ile ya kusoma vidole, ikaandika kuwa amefika kazini, tena kawahi. "Marehemu kakushinda, Mapovu!" humtania dada huyo kila akipita mlangoni pa fundi. Fundi viatu ana chumvi nyingi, lakini wiki hii Mapovu hakucheka. Yeye yu hai, anafua tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka jioni, na mashine inasema hayupo.

Leo siku ya tano. Tangazo limebandikwa juu ya mashine yenyewe: asiyesomwa kidole siku tano mfululizo amejiachisha kazi. Kazi ikikatika, kadi ya matibabu nayo imekatika. Na mama yake anapasuliwa jicho Jumatatu kwa kadi hiyo hiyo.

Akabonyeza. Taa nyekundu. Akafuta kidole kwenye gauni, akabonyeza tena. Nyekundu. Foleni ikaguna.

"Dada, mbembeleze basi, labda kanuna!"

Mashine haikununa. Haikuwahi kumjua. Miaka miwili iliyopita, siku ya kuandikisha vidole, pipa la mashuka ya hospitali lilikuwa linachemka, na msimamizi akafoka kutoka mlangoni: "Mapovu, usibanduke hapo! Bi Pasi, nenda kamwekee na yeye!" Bi Pasi, mpiga pasi, akaenda. Kidole cha kulia akaweka kwa jina lake, cha kushoto kwa jina la Mapovu. Tangu hapo alikuwa akibonyeza mara mbili, asubuhi na jioni, mpaka wote wakasahau, kama mtu anavyosahau jiwe alilozoea kuliruka. Wiki iliyopita Bi Pasi alijifungua. Akaenda likizo na vidole vyake vyote kumi.

Juzi Mapovu alikwenda kwake kumweleza. Akamkuta kajishika ukuta, hata kusimama ni kazi, kichanga kinalia kitandani.

"Kuna nini, shoga? Mbona uso umekushuka?"

"Hamna. Nimekuja kumwona mtoto."

Sasa, asubuhi hii ya tano, karani wa saa alimwita dirishani.

"Vipi, sabuni imekula kidole?"

"Imekula, kaka."

"Basi tutakuandikisha upya. Ila tunafungua kwanza kile cha zamani, tulinganishe. Kikiwa cha mtu mwingine, huo ni wizi wa saa. Mnaondoka wote wawili."

Mapovu akasogea karibu zaidi na dirisha.

"Lakini kaka, si unaniona? Shati hilo ulilovaa nimelifua mimi, jana."

"Nakuona." Karani akainamia karatasi zake. "Ila macho yangu hayaingii kwenye ripoti."

Mapovu akarudi kwenye pipa. Akafua mashuka yenye damu, akafua ya wodi ya watoto, akayakamua mpaka viganja vikawaka moto. Mchana hakula. Mashuka mia mbili yalitoka siku hiyo, yamekunjwa, yamehesabiwa, yamepakiwa. Yalifuliwa na mtu asiyekuwepo.

Jioni alimvizia msimamizi kwenye korido, foleni ilipokwisha. Msimamizi alikuwa peke yake mbele ya mashine, begi begani, anapiga miayo.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Fanya haraka."

"Mkuu, siku ile ya vidole, mimi nilikuwa kwenye pipa. Wewe ndiye uliyesema Bi Pasi aniwekee."

Msimamizi akageuka, akaangalia dirisha la karani. Lilikuwa wazi.

"Sikulaumu, baba. Kazi zilikuwa nyingi. Mwambie tu karani kwamba wewe ndiye uliyemtuma. Bi Pasi ana kichanga, asiguswe. Mimi niandikwe upya. Neno moja tu, mkuu, kabla hajafunga."

Msimamizi akaweka kidole chake. Taa ikawaka kijani.

"Asante," ilisema mashine, kwa sauti laini ya kike.

Akapandisha begi vizuri begani, akatoka. Nyuma ya dirisha, karani alianza kuzima taa.

"Mkuu?" Mapovu aliita.