Swali la Saba

Darasa la Nne lilikuwa na watoto tisini na wanne na madawati ishirini na mawili, kwa hiyo Mwalimu Yustina alishazoea kufundishia nusu yao nje. Alhamisi hiyo walikuwa kwenye mikorosho ya shule, wakikagua vishada vya maua walivyovifunga uzi mwekundu tangu Julai. Fortunata ndiye aliyeuliza mwezi huo: korosho na bibo, lile tunda la maji inaloning'inia chini yake, kipi hutangulia? Yustina angeweza kumjibu kwa neno moja. Badala yake aliwagawia uzi.

Kabla ya mapumziko, Bwana Bashiru, afisa elimu kata, alifika na pikipiki yake akiwa na matokeo ya mtihani wa kata. Alimwita Yustina ofisini, akamwambia darasa lake limeshika mkia katika sayansi. Swali la saba liliuliza mbegu za matunda yote hukaa wapi, na mwongozo wa kusahihishia ulitaka jibu moja tu: ndani ya tunda. Watoto sitini na mmoja waliandika kwamba ya bibo iko nje. Wote wakakoseshwa.

Bashiru hakuwa mjinga. Alizaliwa Nyangamara, kijiji cha mikorosho, na utotoni hakuwa na shati lisilo na madoa ya mabibo. Hapo ndipo hasira zilipompanda Yustina.

"Na wewe ulisahihisha?"

"Mimi na wenzangu. Mwongozo umetoka juu, Mwalimu. Ningefanyaje?"

Bashiru alitaka mambo mawili. Kwanza, kufikia saa sita apate maelezo ya maandishi kwa nini wanafunzi walifeli. Pili, safari za mikoroshoni zikome, watoto wakae ndani wakariri majibu. Akikataa, Jumatatu atahamishiwa Darasa la Kwanza, na hawa watapewa mwalimu anayefuata kitabu. Yustina hakuona aibu kufundisha Darasa la Kwanza. Alichokiogopa ni watoto hawa kufundishwa kutoyaamini macho yao.

Aliwakusanya wote, akawaambia afisa anataka maelezo. Kila aliyekosa swali la saba aandike ya kwake, bila kunakili kwa jirani. Likwata akanyoosha mkono, akauliza waandike walichokiona au kile kitakachopewa vema. Swali hilo lilimuuma mwalimu kuliko vitisho vya ofisini.

"Andikeni mlichokiona," alisema.

Saa sita aliweka mezani karatasi sitini na moja zilizochanwa kwenye madaftari. Bashiru akasema aliomba barua moja. Yustina akamjibu kwamba waliokoseshwa ni sitini na mmoja, na kwamba hataacha kuwapeleka mikoroshoni.

Ya kwanza Bashiru aliisoma amesimama, ya pili akavuta kiti. Tarehe zilikuwemo. Siku korosho ilipoonekana, ndogo, ya kijani, ilikuwemo, na wiki bibo lilipoanza kuvimba nyuma yake. Chini ya karatasi yake Fortunata aliongeza: "Aliyetunga jibu, kwao hakuna mikorosho? Aje tumwonyeshe."

Bashiru aliisoma hiyo mara mbili. Kisha akazikusanya karatasi, akazitia kwenye mkoba, akasema kwa sauti ya chini kwamba uhamisho uko palepale.

"Sawa," alisema Yustina. "Ila hizo nazo zifike huko juu."

Akatoka kurudi kwa watoto. Alikuwa na mchana ule na Ijumaa nzima, na Likwata alishaanza kuuliza kwa nini ganda la korosho huunguza vidole lakini korosho yenyewe haiunguzi mdomo.