Aonje Kwanza Mwenyewe

Jane, mtoto wa marehemu dada yangu, alipewa tuzo Sumbawanga mjini kwa utafiti wake wa virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Ndiyo saratani iliyomchukua mama yake. Tukarudi naye kijijini kwetu Mwazye kusherehekea, na mimi, mama yake mdogo, nikapika pombe ya ulezi ya kutosha kijiji kizima pamoja na wadoezi wake.

Kumbe mwenzetu alikuja na boksi la vipimo vya virusi hivyo. Vilikuwa vibrashi laini. Mwanamke anaingia na kimoja chumbani, anajipima mwenyewe, kisha anamrudishia Jane akipeleke maabara. Alieleza vizuri mpaka nikavimba kichwa. Alipouliza nani aanze, wanawake wote wakakumbuka mbuzi waliowaacha bila kufungwa. Mimi nilikumbuka mbuzi ambaye hata sina.

Jane akanitazama. Nikainamia chungu.

Mama yangu, Bibi Cornelia, ndiye aliyeiokoa shughuli, au aliyeiharibu, mpaka leo sijui. Alisema kwetu hakuna anayekunywa pombe kabla mpishi hajaonja mbele za watu. Kweli, nilikuwa nimeonja asubuhi ile, tena kwa uaminifu mkubwa, na nikarudia. Kisha akamgeukia mjukuu wake.

“Mke mwenzangu, na wewe hicho chako umeshakionja?”

Jane akaikumbatia ngao yake ya tuzo. Mtaalamu mzima, picha yake imetoka gazetini, akakiri kwa sauti ndogo kwamba hajawahi kujipima. Aliogopa kukuta kile kilichomkuta mama yake.

Hakuna aliyecheka. Nilimhurumia mpaka machozi yakanitoka. Bibi akaipokea ile ngao, akampa kibrashi, na Jane akaingia ndani. Tulisubiri mpaka povu la pombe likaisha. Alipotoka macho mekundu, akitabasamu, wanawake walimpigia vigelegele vya bibi harusi.

“Ameonja,” Bibi akatangaza.

Wakaanza kusogelea boksi, mmoja mmoja, mbuzi wamesahauliwa. Mimi nikashika kata, nikawa nachota pombe ambayo hakuna aliyeiomba.

“Jenerosa,” mama akaniita taratibu, “weka hiyo kata chini. Nilikuwa na mabinti wawili.”

Nikaiweka, nikachukua kibrashi changu, nikaingia ndani.